Nipokee Kamba

Hotuba kwa familia za Waswahili wa Norwich na jirani zake, jioni ya kuamkia safari ya mashua ya Ludham

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, na nyinyi watoto mliokaa chini hapo mbele, assalaam alaikum. Na wengine wote, hamjambo.

Nimeombwa niwaeleze safari ya kesho, kwa sababu wengi wenu mmeishi mji huu miaka kumi, kumi na mitano, na mto mnauona kwenye dirisha la basi tu. Nikakubali. Lakini mnivumilie, maana haya ninayoyajua sikuyasoma. Nimeyasugua kwa magoti.

Nilifika Norwich mwaka 1984. Baba watoto alikuja kusoma mambo ya maendeleo Chuo Kikuu cha East Anglia, kama walivyokuja wengi wa kwetu miaka ile. Fedha ya masomo ilimtosha mtu mmoja na nusu, na sisi tulikuwa wanne. Jirani yangu akaniambia kuna kibarua cha Jumamosi kule Wroxham, kando ya mto, kusafisha boti wanazokodi wageni wa mapumziko. Treni ni kama robo saa. Nikaenda. Mimi mtoto wa Nungwi, babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi. Nikajiambia, chombo ni chombo.

Boti zilikodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Asubuhi wageni wa wiki iliyopita wanarudi, alasiri wapya wanafika na masanduku yao, na katikati hapo zilikuwepo saa chache ambazo karakana nzima ilikimbia. Sisi wanawake tuliingia ndani na ndoo: mashuka, jiko, choo, makombo ya mkate chini ya magodoro. Wanaume walijaza dizeli, maji na mitungi ya gesi. Harufu ya mahali pale bado ninayo puani, dizeli na vanishi na matope ya mto, na saa kumi jioni ilipofika ulikuwa umechoka hadi mikono inatetemeka ukishika kikombe cha chai. Kisha fundi mmoja aliingia na kila familia, akawapeleka mwendo mfupi mtoni na kurudi, akiwafundisha kugeuza, kurudi nyuma na kufunga kamba. Wengine hawakuwa wamewahi kushika usukani maishani mwao. Aliwafundisha wote kwa sauti ileile ya upole, boti baada ya boti.

Msimu ulipokwisha nilidhani na kazi imekwisha. Fundi mkuu akaniuliza kama ninaweza kupiga msasa. Hapo ndipo nilipoijua karakana, kwa sababu karakana ya boti huijui kiangazi. Kiangazi ni biashara ya wageni. Uhai wake ulikuwa majira ya baridi, boti za mbao zinapovutwa kwa winchi juu ya chelezo, ule mteremko wa kupandishia vyombo nchi kavu, na kuingizwa bandani, moja baada ya moja, zikichuruzika maji. Mbao zinakauka, zinapiga nyufa, na mafundi wanaanza kuzizunguka.

Siku moja ya Januari nilimkuta mzee mmoja amepiga goti chini ya boti anatia kalafati. Alikuwa na uzi mnene wa pamba begani. Anaushika kwa kidole gumba, anaulaza kwenye upenyo kati ya ubao na ubao, anausukuma kwa patasi butu, anagonga kwa nyundo ya mti. Anasogea inchi mbili, anagonga tena. Nikasimama na msasa wangu mkononi. Sauti ile! Pamba inapoingia sauti ni nzito, ya kubonyea, na upenyo unapojaa nyundo inaanza kulia kavu, kama unagonga mlango wa mninga. Babu yangu alikuwa akifumba macho asikie tofauti hiyo. Bila kukusudia nikasema kwa Kiswahili, imeshiba. Mzee akageuka, akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza kwamba kwetu, upenyo ukijaa pamba sisi tunasema umeshiba, usiulishe tena, utapasua ubao. Akanitazama kwa muda, akanisogezea patasi. Tangu siku ile hadi alipostaafu, akimaliza upenyo aliita kutoka upande wa pili wa banda: shiba! Neno hilo moja tu la Kiswahili alilijua, na alilitumia mahali pake.

Nawaambia haya ili kesho mkipanda mjue mnapanda nini.

Maziwa yaliyo kando ya mito hii ya Norfolk, wanayoyaita Broads, watu walidhani kwa karne nyingi kwamba Mungu aliyaweka hivyo. Miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea, Bi Joyce Lambert, alipima udongo chini ya maji akaonyesha kwamba ni mashimo yaliyochimbwa kwa mikono. Enzi za kati watu wa hapa walikata mboji ya kuchoma badala ya kuni, wakachimba vizazi kwa vizazi, kisha maji yakapanda katika karne ya 14 na kuyafunika machimbo yao. Mito inayoyaunganisha ndiyo ilikuwa barabara. Jahazi la hapa linaitwa wherry: mlingoti mmoja, tanga moja kubwa jeusi, watu wawili wanalitosha. Weusi wa tanga ulikuwa lami na mafuta ya samaki, na nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa furaha, maana kwetu chombo kisichopakwa sifa, mafuta yale ya papa, hakijawa chombo. Mlingoti una kitako kizito cha madini ya risasi chini, ukifika darajani unaulaza na kuuinua bila kuita kijiji kizima. Wherry mbili za mizigo, Albion ya 1898 na Maud ya 1899, zingali zinatembea. Mkiona omo, yaani mbele ya chombo, imepakwa kipande cheupe, ndizo hizo. Ni ili zionekane usiku.

Reli ilifika Wroxham mwaka 1874, na baada yake wakaja watu wa mapumziko. Seremala mmoja wa Norwich, John Loynes, alianza kukodisha mashua miaka hiyo hiyo na baadaye akahamia Wroxham. Mwaka 1908 likaja shirika la wakala la Blakes, kukusanya boti za wenye karakana mbalimbali katika kitabu kimoja ili mtu wa London achague akiwa kwake. Mwaka 1944 Hoseason, aliyekuwa msimamizi wa bandari ya Oulton Broad, akaanzisha la kwake. Vitabu hivyo viwili vya picha ndivyo vilivyoijaza mito hii. Horning, Stalham, Potter Heigham, Brundall, Thorpe, kila ukingo ulikuwa na chelezo na banda, na kila banda lilikuwa na familia yake.

Kisha zikaja boti za faiba. Sizilaumu, hazivuji na hazioti kuvu. Lakini tazameni kilichotokea. Boti ya faiba haihitaji kalafati, haihitaji makoti manne ya vanishi kila mwaka. Yaani haihitaji majira ya baridi. Yule mzee wa pamba alikuwa na kazi miezi kumi na miwili kwa sababu mbao zilimdai. Faiba haikumdai kitu. Wakati huohuo ndege za bei nafuu zikaanza kuwapeleka Waingereza Hispania, ambako jua halina shaka, na wageni wa mtoni wakapungua mwaka hadi mwaka. Na mwenye karakana akaamka siku moja akakuta kwamba ardhi yake ya ukingoni, ikijengwa nyumba za mapumziko, ina thamani kuliko boti zake zote. Nani angemlaumu? Watoto wake hawakutaka kurithi magoti yenye maumivu. Akauza.

Ile karakana yangu imekwenda hivyo. Nilipita pale miaka kadhaa nyuma. Palipokuwa na chelezo sasa kuna nyasi zilizokatwa vizuri na kibao kinachosema usifunge boti hapa.

Kibao hicho ndicho kilichonileta kwenye jambo la pili, la ushuru wa gati, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kidogo kwa sababu vijana wengi wananiambia, mama, kwani mto nao unalipiwa?

Unalipiwa. Mwenye boti analipa kila mwaka kwa Mamlaka ya Broads, iliyopewa nguvu za kisheria kwa sheria ya mwaka 1988, na fedha hiyo inachimba tope, inakata miti iliyoangukia mtoni, inatengeneza kingo za mbao. Mamlaka hiyo ina maegesho mengi ambayo unafunga saa 24 bila kulipa. Hilo ni jambo kubwa na tuliheshimu. Lakini baadhi ya kingo hizo ni za watu, zimekodiwa kwa mkataba, na mkataba ukiisha mwenye ukingo anaweza kuuchukua. Zaidi ya hayo kuna gati za binafsi, na kuna zile za baa za ukingoni, ambazo nyingi ukila kwao unalala bila kudaiwa. Sisi tuliwahi kuagiza samaki na chipsi na birika la chai, tukalala salama.

Enzi za karakana mambo yalikuwa na sura nyingine. Karakana ilikuwa pia ndiyo mapokezi. Ukiharibikiwa, ukiishiwa maji, uliingia kwenye karakana iliyo karibu na mtu alitoka bandani akifuta mikono. Kila karakana iliyouzwa iliondoka na chelezo chake, na bomba lake la maji, na ukingo wake wa kufungia, na yule mtu. Watu wanaposema siku hizi maegesho ni haba na ghali, wanadhani ni suala la tamaa. Kwa sehemu kubwa ni pengo la karakana zile, linalohesabiwa sasa.

Lugha ya hapa Norfolk ina neno staithe, walilolirithi kwa watu wa kaskazini waliokuja kwa merikebu zamani. Maana yake ni mahali pa kutia chombo nchi kavu. Sisi tunalo hilohilo, ni diko. Na diko kwetu halikuwa la mtu. Vijiji vya hapa navyo vilikuwa na staithe za kijiji, kila mwanakijiji ana haki ya kushusha mzigo wake. Nilipolielewa hilo nilijiona sipo ugenini sana.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Mwisho wa Septemba 1987 karakana ilitupa boti ya mbao kwa siku tano, msimu umekwisha, kwa bei ya wafanyakazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala katika boti niliyokuwa nikiisafisha kila Jumamosi. Mume wangu alishika usukani. Yeye ni mtu wa Kigoma, na maji ameyazoea tangu utotoni, lakini ziwa halina kupwa wala kujaa, na hilo litarudi baadaye.

Siku ya kwanza jioni mvua ikatushika mtoni. Mtoto wetu mdogo alikuwa na homa, anatapika. Tukaona ukingo wenye nguzo nzuri, tukafunga ili mtoto atulie nusu saa. Birika halijachemka, mtu akatokea na mwavuli na kitabu cha stakabadhi. Pauni tatu, za usiku mzima. Nikamwambia hatulali, tunamtuliza mtoto, tunaondoka. Akasema kulipa ni kulipa, la sivyo fungua kamba. Pauni tatu mwaka ule kwetu ilikuwa chakula cha siku mbili. Tukafungua kamba. Mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, alisimama omo kwenye mvua anakusanya kamba iliyolowa, na mtu yule amesimama hatua mbili, mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine kitabu.

Ndugu zangu, kilichoniuma hakikuwa bei. Ukingo ulikuwa wake. Kilichoniuma ni kwamba tulipofika, hakuishika kamba yetu. Alitokea ilipokwisha kufungwa. Na tulipoondoka hakutusukumia hata omo.

Boti za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku, na giza lilikuwa linakuja. Tukawahi Malthouse Broad, pale Ranworth, tukateremsha kile chuma kizito ambacho boti zote za hapa hubeba badala ya nanga. Hakina makucha, kinakaa tu katika tope kama mtu aliyeshiba. Ndani ya ziwa, mbali na ukingo, hatukudaiwa kitu. Mvua ilipiga paa usiku kucha, mtoto akalala kifuani kwangu, na alfajiri mnara wa kanisa la Ranworth ukatokeza kwenye ukungu, mkubwa kupita kijiji chake. Nikaona kumbe maji yenyewe yalitupokea.

Siku iliyofuata tulishuka mto Bure hadi Great Yarmouth. Hapo mambo ni mengine, watoto sikilizeni. Pale mito yote inakutana na bahari, na maji yanapopwa yanavuta kwa nguvu kuelekea nje. Ukitaka kuvuka Breydon Water, ziwa pana linalojaa na kupwa, kwenda mito ya kusini lazima ungoje maji yasimame, muda mfupi baada ya kupwa. Breydon yenyewe maji yakitoka ni matope matupu, na mkondo umewekewa nguzo nyekundu na kijani. Ukitoka nje ya nguzo umepwelewa, ukae hapo hadi maji yarudi. Mume wangu alitazama mto unavyokimbia akaniuliza kwa mshangao wa kweli, haya maji yote yanakwenda wapi? Nikamwambia, nipe usukani.

Tulipokaribia gati ya Yarmouth mkondo ulitushika ubavuni. Nikaona mtu anatembea upesi juu ya gati, anaufuata mwendo wetu, mkono ameunyoosha. Mwanangu akarusha kamba ya omo. Mtu yule akaidaka hewani, akaipiga zamu moja kwenye nguzo, akaishikilia, boti ikazunguka yenyewe taratibu ikalala ubavu kwa ubavu na gati. Kisha akaja kupokea ya tezi, ya nyuma. Baada ya hapo ndipo akatuuliza tunakwenda wapi. Akatazama saa yake, akasema pumzikeni, maji yakisimama nitakuja kuwagongea. Na alikuja. Aligonga paa mara mbili kwa vidole, akafungua kamba zetu mwenyewe, akatuonyesha nguzo za daraja zipi tupite kati yake.

Alitutoza ushuru, ndiyo. Nilimlipa kwa mikono miwili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo ninavyoutazama ushuru wa gati hadi leo. Mbao za ukingo zinaoza na lazima mtu azilipie, sibishani na hilo. Nikisikia ada imepandishwa mahali, au imewekwa palipokuwa bure, swali langu ni moja: je, kuna mtu atakayeipokea kamba? Bomba la maji lipo? Taa ipo? Mama mwenye mtoto mgonjwa ana nusu saa ya kupumua? Pakiwepo hayo nitalipa na nitawashawishi wengine walipe. Pakiwa na kibao na mashine peke yake, nitaandika barua. Na nimeziandika. Mamlaka ya Broads ndiyo pia inayoamua maombi ya ujenzi kando ya mito hii, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kupeleka maoni yake. Chelezo likifukiwa halirudi, kwa hiyo mkiona tangazo limebandikwa kwenye lango la karakana ya zamani, nipigieni simu siku hiyohiyo. Na kama yupo kati yenu, au mama yake, au shangazi yake, aliyewahi kusugua au kupaka rangi boti za hapa, aje anisimulie. Nina daftari.

Sasa ya kesho. Tunakwenda Ludham, kwenye karakana ya Hunter's Yard. Familia ya Hunter iliianzisha mwaka 1932, na mwaka 1968 halmashauri ya Norfolk iliinunua ili watoto wa shule wajifunze kutweka tanga. Leo iko chini ya taasisi ya amana. Mashua zake ni za mbao, zimepakwa vanishi hadi unajiona usoni, na hazina injini. Upepo ukikosekana kuna upondo mrefu wa kusukumia mashua, uitwao quant, na nimewaambia wenyeji wetu kwamba tunao watu waliokua na upondo mkononi. Mzee wetu wa Pemba, usijifiche nyuma ya nguzo hiyo, nimekuona.

Tutatoka kwenye kijito cha Womack, tuingie mto Thurne, tule chakula ukingoni, na turudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Hatuendi hadi daraja la Potter Heigham, ingawa ni la tangu mwaka 1385 na ningependa mlione. Kwa miguu, siku nyingine. Viatu viwe vya soli laini, vigumu vinakwaruza vanishi, na kila mkwaruzo kuna mtu atakayepiga goti Januari kuuondoa. Watoto wote wavae jaketi za kuokolea tangu gatini, hata wanaojua kuogelea. Pilau naleta mimi. Chai alete anayejua kuitia iliki.

Tukirudi, nataka watoto wawili wateremke kwanza wasimame gatini, mmoja omo, mmoja tezi. Wasiziache kamba zianguke majini. Wanaotaka kazi hiyo waje niwaandike majina sasa hivi, kabla hamjagusa sambusa.